Kabla hujaiamini lebo: kwa mnaoanza utafiti wa vinasaba vya bangi

Wadogo zangu mnaoingia maabara mwaka huu, nawaomba jambo moja: ulizeni mmea umetoka wapi kabla ya kuuliza una THC, yaani kemikali inayolevya, kiasi gani.

Tazameni Marekani. Kuanzia 1968 hadi 2021, milango ilipoanza kufunguliwa kwa wakulima wengine, bangi ya utafiti iliyoruhusiwa na serikali kuu ilitoka Chuo Kikuu cha Mississippi peke yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northern Colorado walipopima vinasaba vya sampuli za huko, walikuta ziko karibu zaidi na hempu, yaani bangi ya nyuzi na mbegu, kuliko na bangi inayouzwa madukani. Maana yake mgonjwa anatumia kitu kimoja, na daktari wake anasoma majibu ya kitu kingine. Hilo linaniuma, kwa sababu anayeumia ni mgonjwa.

Majina ya madukani nayo msiyategemee. Utafiti wa Kanada wa 2015 ulichukua sampuli 81 za bangi na 43 za hempu. Katika ulinganisho 17 wa sampuli zenye jina moja, mara 6 sampuli ilifanana zaidi na yenye jina tofauti. Wala si lazima kuwe na mtu aliyedanganya. Bangi kwa kawaida ina mimea dume na mimea jike, na chavua husafiri kwa upepo, hivyo mbegu za mmea mmoja zinaweza kutoa watoto wasiofanana kabisa. Kinachotunza nasaba ni kipandikizi kilichokatwa kwa mmea mama.

Kwa hiyo ukiletewa miche mitano yenye jina moja, usichanganye majani yake kwenye kichupa kimoja. Chukua jani changa la kila mche, kwani majani yaliyokomaa yana kemikali zinazoifanya DNA itoke ya kahawia na kugoma kwenye PCR, yaani kipimo kinachonakili DNA mara nyingi ili isomeke. Kisha linganisha alama za vinasaba. Vipandikizi vya mama mmoja vitaonyesha alama zilezile. Mche mmoja ukitofautiana, utenge, urudie kipimo, halafu umuulize aliyekuletea.

Kwenye daftari, na baadaye kwenye makala yenu, andikeni namba ya mmea mama, aliyeutoa, na kama ulitoka kwenye mbegu au kipandikizi. Jina la dukani liwekeni mwisho, ndani ya alama za kunukuu.