Kabla ya kumwandikisha mtoto dansi, kakae darasani kwanza

Wazazi huniuliza swali moja kuliko yote: "Mwalimu, shule ipi ya dansi ni nzuri?" Kabla sijafungua mdomo, simu imeshatolewa na ninaonyeshwa video ya onyesho la mwisho wa mwaka. Taa, mavazi yanayometameta, watoto wamerusha mguu juu kwa pamoja. Nimefundisha watoto na vijana kwa miaka mingi, na nimekaa pia upande wa pili kama mzazi anayelipa ada, na jibu langu halijabadilika: hiyo video iweke kando. Onyesho linaweza kukaririshwa kwa miezi ya kelele na machozi na bado likapendeza jukwaani. Mtoto anajengwa au anabomolewa na yale yanayofanyika Jumanne ya kawaida, saa ambayo hakuna mgeni.

Kwa hiyo omba kukaa darasani. Shule nyingi zina siku ya wazazi kutazama, au zitakuruhusu ukae pembeni mara moja kabla ya kulipa. Ukiambiwa hairuhusiwi kabisa, siku yoyote, kwa sababu yoyote, mimi ningeondoka.

Tazama dakika kumi za mwanzo. Watoto wametoka shuleni, wamekaa kwenye dawati siku nzima, misuli imelala. Mwalimu makini ataanza kwa kuwatembeza, kuwarusharusha kidogo, kuzungusha mabega, nyonga na vifundo vya miguu mpaka mapigo ya moyo yapande na jasho lianze kuchungulia. Kunyoosha viungo kwa kukaa katika mkao mmoja muda mrefu kazi yake ni mwishoni, mwili ukiwa wa moto. Ukimshikilia mtoto katika mkao mmoja kwa zaidi ya dakika nzima kisha umwambie aruke, misuli ile hupungua nguvu kwa muda. Ukiona watoto wanaingia tu na kushushwa kwenye msamba wakiwa baridi, hiyo ni dalili ya kwanza. Na ukimwona mwalimu anamkandamiza mtoto mabega au kumkalia mgongoni ili "afike chini", usingoje dalili ya pili. Msamba hauletwi kwa uzito wa mtu mwingine.

Kisha tazama magoti. Hapa ndipo ninapowapima walimu wa baleti, na mzazi asiyejua hata hatua moja anaweza kuona ninachokiona. Mtoto husimama visigino vikigusana, vidole vikitazama nje. Mzunguko ule unapaswa kuanzia kwenye nyonga. Mtoto ambaye nyonga zake hazimruhusu kufika huko hutafuta njia ya mkato: hukunja magoti kidogo, huzing'ang'aniza nyayo sakafuni zikitazama kuta mbili, halafu hunyoosha magoti. Kwa mbali, amefanya. Sogea. Vidole vinatazama pembeni lakini magoti yanatazama mbele, na wayo umebonyea kwa ndani mpaka uvungu wake hauonekani. Akiambiwa akunje magoti taratibu, goti ambalo lingepaswa kwenda juu ya kidole cha pili cha mguu linaangukia ndani, upande wa kidole gumba. Mwalimu anayejua kazi yake hapo hasemi "fungua zaidi". Anamwambia mtoto apunguze mpaka magoti na vidole vitazame upande mmoja, hata kama umbo litaonekana dogo na la kawaida mno kwa mzazi aliyekuja kutafuta maajabu. Ukiisikia sentensi hiyo ya "punguza kidogo" ikisemwa kwa upole mara mbili tatu ndani ya saa moja, andikisha mtoto.

Mtindo ukiwa mwingine, kanuni ni ileile. Katika hip hop tazama jinsi watoto wanavyotua baada ya kuruka: magoti yanakunjika na kisigino kinashuka, au wanatua miguu imekakamaa kama vijiti? Katika breikdansi uliza ni lini mtoto anaruhusiwa kuzunguka kwa kichwa, na amejengwa vipi shingo na mabega kabla ya hapo. Mtindo huu umeshafika mbali, ulikuwemo kwenye Olimpiki ya vijana Buenos Aires mwaka 2018 na Olimpiki ya Paris mwaka 2024, na watoto wengi wanaingia wakitaka kuanza na ile mizunguko waliyoiona kwenye simu. Mwalimu mzuri huanza na kazi ya miguu.

Sakafu pia iulizie. Sakafu nzuri ni ya mbao iliyoinuliwa juu ya fremu ili inepe kidogo mtu anapotua. Vigae au saruji tupu, hata vikifunikwa zulia la plastiki linalong'aa, hurudisha kishindo chote kwenye magoko na mgongo. Kwa darasa moja la wiki la watoto wadogo haitaleta msiba. Kwa kijana anayeruka siku nne kwa wiki, italeta.

Umri wa kuanza? Wazazi wengi wana haraka. Mtoto wa miaka mitatu hadi mitano haendi kujifunza dansi, anakwenda kucheza kwa mdundo: kusimama muziki unapokatika, kutofautisha haraka na polepole, kungoja zamu yake. Nusu saa inamtosha, dakika arobaini na tano akiwa mchangamfu. Kuanzia kama miaka saba au minane ndipo anaweza kusikiliza sahihisho na kulikumbuka wiki ijayo. Kusimama kwenye ncha za vidole kwa viatu vigumu vya baleti, ambako wasichana wengi wanakuota, kwa kawaida hakuanzi kabla ya miaka 11 au 12, tena baada ya miaka kadhaa ya mafunzo ya mfululizo, na mwalimu awe amepima nguvu za vifundo, kiwiliwili na usawa wake. Mifupa ya mguu katika umri huo bado inaendelea kukomaa. Shule inayompandisha mtoto wa miaka minane kwenye viatu hivyo ili mama apate picha, kimbia.

Sasa niseme kuhusu kipindi ambacho shule nyingi hukiharibu, na wazazi nao hukiharibu kwa nia njema: kipindi cha kurefuka ghafla. Wasichana wengi hurefuka kwa kasi zaidi wakiwa na miaka kama 11 au 12, wavulana kama 13 au 14. Mifupa hutangulia, misuli na kano zinachelewa nyuma. Msichana aliyekuwa anapiga msamba huku akipiga soga na wenzake, muhula unaofuata anaishia nusu njia. Mizunguko aliyoimudu inamwangusha, kwa sababu miguu ni mirefu zaidi na yeye bado anaucheza mwili wa mwaka jana. Anadhani amepoteza kipaji. Mwalimu asiyejua anadhani amekuwa mvivu. Mzazi anaongeza darasa la ziada ili "arudi pale alipokuwa". Wote watatu wanasukuma upande usiofaa.

Katika miezi hiyo sisi tunapunguza kuruka, tunaacha kudai miguu iende juu, na tunarudi kwenye mambo madogo: usawa wa mguu mmoja, nguvu za tumbo na mgongo, muziki, utunzi. Ndiyo, utunzi. Mpe kijana wa miaka kumi na tatu dakika mbili za muziki atunge miondoko yake mwenyewe, na utamwona mtu ambaye wiki iliyopita alikuwa analia mbele ya kioo anaanza kugombana na wenzake kuhusu nani aingie kutoka upande upi. Kunyumbuka hurudi. Uratibu hurudi. Asiyerudi ni yule aliyeumizwa au aliyeaibishwa wakati akingoja.

Na maumivu ya kipindi hiki yana mahali pake. Mbele ya goti, chini kidogo ya pia, pale kano inaposhika mfupa wa ugoko, pakiwa na kinundu kinachouma akikigusa: madaktari huuita ugonjwa wa Osgood-Schlatter. Nyuma ya kisigino, hasa baada ya kurukaruka: huo ni wa Sever. Yote mawili yanatokana na sehemu za mifupa ambazo bado zinakua kuvutwa na kano mara nyingi mno, na kwa kawaida huisha ukuaji ukikamilika. Mara nyingi mtoto hahitaji kuacha dansi, anahitaji kupunguziwa kuruka na kuchuchumaa mpaka maumivu yatulie. Lakini akichechemea, au maumivu yakimwamsha usiku, au pakivimba, nenda kwa daktari, usingoje onyesho lipite. Na ile kauli ya "bila maumivu hakuna mafanikio", kwa mwili unaokua mimi siitaki darasani kwangu. Uchovu wa misuli kesho yake, sawa. Maumivu makali ndani ya kiungo, mtoto anakaa chini na hakuna wa kumkaripia.

Saa ngapi kwa wiki? Madaktari wa michezo wana kipimo chepesi kukumbuka: saa za mazoezi rasmi kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto, na awe na siku moja au mbili za kupumzika kabisa. Mtoto wa miaka tisa anayefanya saa kumi na mbili amezidishiwa, hata kama anadai anazipenda. Mpira wa shuleni nao ujumlishe humo humo, mwili hautofautishi. Usingizi nao uhesabu: saa 9 hadi 12 kwa wa miaka 6 hadi 12, saa 8 hadi 10 kwa vijana. Ratiba inayomrudisha nyumbani saa nne usiku mara tatu kwa wiki, naye anaamka alfajiri kwenda shule, inakula usingizi huo kwanza, kisha inakula alama zake, kisha magoti.

Kuna jambo linalosemwa kwa kunong'ona mno kwenye dansi: unene na wembamba. Sikiliza kwa makini mwalimu anavyozungumza kuhusu miili. Akiwapima watoto uzito, akitaja tumbo la mtu mbele ya wenzake, akimsifu msichana kwa kukonda, hapo hapana dansi ya kujifunza. Kijana anayecheza sana anahitaji kula zaidi ya rafiki yake asiyecheza. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu hali ya mwili kukosa nishati ya kutosha kwa kazi unayofanyishwa, na dalili zake wazazi wanaweza kuziona nyumbani: uchovu usioisha, hasira za karibu, majeraha yanayojirudia, mifupa kupata nyufa, hedhi kukatika. Hedhi ikikosekana miezi mitatu mfululizo, au binti akifika miaka 15 bila kuanza, si "kawaida ya wachezaji". Mpeleke kwa daktari. Wavulana nao wanaathirika, ila wao hawana hiyo alama ya kalenda, hivyo angalia sahani na nguvu zake.

Kuhusu mikono: dansi hufundishwa kwa kugusa, siwezi kudanganya. Bega linashushwa, nyonga inanyooshwa. Lakini mwalimu aseme kabla ya kugusa anagusa wapi na kwa nini, na mtoto awe na haki ya kusema hapana bila kuulizwa maswali. Mafunzo ya mtu mmoja yafanyike mlango ukiwa wazi. Ujumbe wa simu upite kwa mzazi au kwenye kundi walimo wazazi, usiwe kati ya mwalimu na mtoto usiku. Video za darasa zisipandishwe mtandaoni bila ruhusa yako ya maandishi, na ruhusa hiyo uweze kuiondoa. Mwalimu mwema hataudhika ukiuliza haya. Mimi huwa nafurahi, kwa sababu nami nalindwa.

Wapo wanaoniandikia kwamba mtoto wao ana miaka kumi na nne, amechelewa. Misty Copeland alianza baleti akiwa na miaka 13, na mwaka 2015 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kutoka Marekani kupewa nafasi ya mchezaji mkuu katika American Ballet Theatre, kundi kubwa la baleti la New York. Rudolf Nureyev, aliyekuja kuwa nyota wa baleti duniani, aliingia shule kubwa ya baleti ya Leningrad mwaka 1955 akiwa na miaka 17, ingawa alikuwa ameanza kucheza kabla ya hapo. Hawa ni nadra, sitaki umuuzie mtoto ndoto kwa majina yao. Kwa anayetaka kucheza vizuri, kufurahi, labda kufundisha baadaye, miaka kumi na nne haina tatizo lolote. Tatizo ni kumweka pamoja na wa miaka minane kwa sababu "wote wanaanza". Ataacha ndani ya mwezi kwa aibu. Tafuta darasa la wanaoanza la rika lake, na kama ni mvulana, pawe na angalau mvulana mwingine mmoja. Hilo la mwisho wengi hulidharau, nami nimeona likiamua mambo kuliko ubora wa mwalimu.

Na siku atakaposema anataka kuacha, muulize anaacha nini. Mara nyingi si dansi. Ni mtindo, ni saa, ni mwenzake mmoja, ni mwalimu. Mwache amalize muhula uliokwisha kulipiwa ikiwa hakuna anayemuumiza, kisha mjaribu darasa jingine au apumzike muhula mzima. Viatu usivigawe bado. Vikimbana atakaporudi, hilo nalo litakuwa limekuambia amekua kiasi gani, na mwalimu mpya aambiwe mapema.