Mke wa kaka: wifi au shemeji?
Ukiwa mwanamke, mke wa kaka yako ni wifi. Neno hilo ni la wanawake kwa wanawake, tena linakwenda pande zote mbili: yeye naye anakuita wifi. Mdogo wako wa kiume ndiye atakayemwita shemeji. Kwetu Tanzania ndivyo tunavyoitana nyumbani, na kwenye harusi utasikia "mawifi wapite mbele", hapo wanaitwa dada za bwana harusi, mashemeji hawainuki. Ila wanaume kwa wanaume, kaka wa mke bado ni shemeji, pengine mwamu. Ile "shem" ya vijana kwa mpenzi wa rafiki ni ya mtaani tu, udugu haumo.