Lefti na kulia: kwa madereva wapya wa njia ya Kigali

Wadogo zangu mnaoanza safari za transiti, nawaandikia kwa sababu kosa lilelile linajirudia, la kushika upande usio wa nchi mliyomo, na wanaolifanya ni vijana wazuri wenye mikono mizuri ya usukani.

1. Lefti ya njia. Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia tunakaa kushoto, tulivyoachiwa na Waingereza. Rwanda, Burundi na Kongo, zilizokuwa chini ya Wabelgiji, wanakaa kulia. Mnahama upande Rusumo, kwenye mto Kagera. Pale mpakani ni vigumu kukosea: umetoka kwenye foleni, wote mbele yako wamehamia kulia, unafuata mkia. Kosa linakungoja alfajiri ya kesho yake.

Kuna kijana alilala yadi moja Kayonza, upande wa kulia ukielekea Kigali. Alfajiri alinawa uso, akagonga matairi moja moja, akawasha gari, akasubiri upepo wa breki ujae, akaweka indiketa ya kulia. Yote sawasawa, na barabara tupu. Sasa kumbukeni: kwetu ukikata kulia unavuka upande wa karibu, unakwenda kushika wa mbali. Mikono yake ikafanya hivyohivyo. Akanyoosha tela vizuri kabisa, upande wa watu, akaanza kupanda kilima kwa gia ndogo, ametulia. Nilikuwa nyuma yake nampigia honi. Akadhani namuaga, akanipungia mkono.

Kileleni ikatokea baiskeli yenye mikungu ya ndizi, inashuka kasi. Mzee mwenye baiskeli akajitupa mtaroni pamoja na ndizi zake. Nyuma yake lilikuwa linakuja basi la abiria. Yalisimama yakitazamana, katikati pamebaki hatua chache. Kijana akashuka, akakaa chini kwenye lami, maneno hayamtoki. Mzee alichubuka kiwiko tu, Mungu alisaidia. Nilikasirika sana, kisha nikamhurumia, maana hakuwa amelewa wala hakusinzia. Alikuwa amelala vizuri usiku kucha. Asubuhi ile hakuwa na gari mbele yake la kulifuata, hilo tu.

Kwa hiyo kabla ya kulala, funga kitambaa chekundu upande wa kulia wa usukani. Na utingo wako aseme kwa sauti "Kulia!" kabla gari halijasogea. Asione aibu, nawe usikasirike.

2. Lefti hendi. Gari la usukani wa kushoto ni tamu Rwanda na ni hatari Tanzania. La usukani wa kulia ni kinyume chake. Ukikaa upande wa mtaro huoni mbele ya lori unalotaka kulipita mpaka kichwa chako chote kiwe kimeshachomoza. Nimewasikia mkijisifu kwamba utingo ndiye anayewaangalizia. Utingo huyo hajawahi kuendesha, hajui tela lenye mzigo linahitaji nafasi kiasi gani kumaliza kupita! Baki nyuma. Mwenye mzigo akipiga simu kulalamika, mwache alalamike.

3. Kipilefti, ule mzunguko wa njia panda. Kwetu unampisha anayetokea kulia kwako. Kigali mnazunguka kinyume, kwa hiyo macho yaelekee kushoto. Tairi za nyuma za tela zinakata kwa ndani, upande huohuo wa kushoto, nawe umekaa kulia: rekebisha saiti mira ya kushoto kabla ya kuingia mjini.

4. Kurudi. Hapa ndipo mnaponipa wasiwasi zaidi. Tela tupu, moyo umeshafika nyumbani, mnasimama Benako, mmeshaingia Tanzania, kula au kuchimba dawa, kisha mnatoka na kushika kulia kana kwamba bado mko Kibungo, Rwanda. Kitambaa kihamishie kushoto palepale Rusumo, kabla ya kutafuta chakula. Mnaokwenda Lubumbashi, kwenu ni Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo; mmekatiza Zambia nzima mkiwa kushoto, mazoea yanafika pale yakiwa na nguvu zote.

Asiye na kitambaa anifuate yadi, nimechana vya kutosha.