Bandari ya Zanzibar ilipigwa mara mbili
Ndugu, umeuliza kama bandari ya Zanzibar ilipigwa mizinga mwaka 1896 tu. Hapana, ilipigwa mara mbili.

Tarehe 27 Agosti 1896 Waingereza walilipiga jumba la Sultani kwa muda usiofika saa moja, wakaizamisha na meli yake, Glasgow. Ilizama kwenye maji mafupi, ikawa milingoti yake imechomoza juu ya bahari miaka na miaka, kila jahazi linaloingia linaiona.

Mara ya pili ni alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914. Manowari ya Uingereza, Pegasus, ilikuwa imetia nanga ikitengenezwa mitambo, haiwezi kukimbia. Königsberg ya Wajerumani ikatokea na kuipiga kwa mbali, ambako mizinga ya Pegasus haikufika. Walikufa mabaharia 38. Wengi wamezikwa kisiwani Chapwani, mkabala na mji. Ukipata nafasi vuka ukayaone makaburi, yananigusa sana.

Königsberg nayo ilikwenda kujificha kwenye delta ya Rufiji, ikaishia humo Julai 1915. Wajerumani waliiopoa mizinga yake wakapigana nayo nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa.