Kiziwi mbele ya OPJ (ofisa wa polisi wa upelelezi): maswali yenu ya Lubumbashi

Kijana wangu kiziwi alikamatwa usiku kwa sababu hakusimama alipoitwa. Asubuhi nilipofika komisaria, walikuwa wamekwisha kumwekesha kidole kwenye PV, yaani karatasi ya maelezo yake. Tufanye nini? (Mama, Katuba)

Pole sana, mama. Kwanza hesabu saa. Kifungu cha 18 cha Katiba ya Congo kinataka mtu aachiliwe au apelekwe parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) kabla ya saa 48 kwisha. Tena kinataka aelezwe sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa, na awasiliane mara moja na familia au avoka (wakili) wake. Basi mwulize OPJ, kwa upole lakini mbele ya watu: nani alimfasiria? PV zetu humalizikia kwa kusema mtu amesomewa maneno yake, akayakubali. Amesomewa, kiziwi! Avoka aombe kijana asikilizwe upya na mkalimani, na aiandikie parke kuhusu kasoro hiyo. Siku nyingine asiguse wino kabla mkalimani hajafika. Akikataa kutia sahihi, OPJ ataandika tu kwamba amekataa.

Dada yangu kiziwi alikwenda kumshitaki mume aliyempiga. Polisi wakamwambia mume huyo huyo afasiri. (Fundi viatu, Kenya, komini au wilaya ya hapa Lubumbashi)

Aibu tupu. Hata wewe kaka yake usifasiri. Kwa hasira hiyo utatia chumvi. Rudini na mtu asiye wa ukoo. Wakiwafukuza, andikeni malalamiko, myapeleke parke wenyewe.

Usiku niko peke yangu mezani. Wakituletea polisi mmoja anayejua lugha ya alama kila komini, si itatosha? (Polisi, Kampemba)

Afande, asante kwa kuandika. Atasaidia mlangoni: nani amepigwa, nani amepotelewa na mtoto. Kwa mahojiano, hapana. Komini ni 7, zamu ni usiku na mchana, na ninyi mnahamishwa kila mara; siku anapohitajika atakuwa likizo. Tena anayehoji asiwe ndiye anayefasiri.

Lakini sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inamruhusu OPJ kumwita raia yeyote awe mkalimani. Jumapili pita kanisa lenye ibada ya viziwi, omba namba za wakalimani, zibandike ukutani juu ya meza yako. Saa nane za usiku, simu ya video kwa WhatsApp inatosha kumweleza mtu kwa nini yuko kasho (mahabusu). Maelezo marefu yangoje mkalimani afike mwenyewe. Na wakubwa wako wasijifiche nyuma yako: mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Congo iliuridhia mwaka 2015 unadai polisi wafundishwe, na sheria ya watu wenye ulemavu ipo tangu Mei 2022.

Si kiziwi aandike tu kwa Kifaransa? (Msomaji, Ruashi)

Jina na anwani, sawa, kama alisoma. Wengi hawakukanyaga shule. Wana alama za nyumbani tu, ambazo hata mkalimani hazijui. Huyo anahitaji watu wawili: kiziwi mwenzake wa kushika ishara zake, na mkalimani wa kumfasiri huyo mwenzake. Anzeni na kiziwi mwenzake. Mara nyingi yeye ndiye mwenye namba ya mkalimani.