Jibu: Leza kwenye mzizi wa jino, ni lazima?
Pole sana dada. Umeuliza kama usubiri mpaka uende Dar ukasafishwe mzizi wa jino kwa leza, au ufanyiwe hapa hapa Tanga kwa njia ya kawaida. Usisubiri. Jino lenye usaha haliahirishwi.

Leza ni msaidizi tu. Kazi kubwa hufanywa na visindano vyembamba vinavyokwangua mfereji wa mzizi, pamoja na sodiamu haipokloraiti, dawa ile ile iliyomo kwenye Jik (tafadhali, usije ukasukutua nayo nyumbani). Kuna aina ya leza iitwayo Er:YAG, ambayo mwanga wake, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 2,940, hufyonzwa sana na maji. Ikipigwa ndani ya dawa hiyo huzua viputo vinavyopasuka na kuisukuma hadi kwenye vijitundu visivyofikiwa na kisindano, wanakojificha bakteria sugu kama Enterococcus faecalis. Inasaidia kweli, lakini haichukui nafasi ya dawa.

Ukifika kliniki, iwe Ngamiani au Chumbageni, kubwa la kuuliza ni kama daktari anatumia kile kimpira kinachofunika mdomo na kuacha wazi jino linalotibiwa tu, mate yasiingie. Na wakimaliza, usikae miezi na kizibo cha muda. Weka cha kudumu au kofia ya jino (kifuniko kinachovalishwa juu ya jino) mapema, maana kikivuja, bakteria wanarudi.