Kidole Kikivimba Ghafla, Pete Ndiyo Itoke Kwanza

Mama mmoja anayeuza samaki Kadutu, hapa Bukavu, ametuandikia akiuliza apake pomada gani. Kidole cha pete kimemvimba tangu asubuhi na alyansi, yaani pete ya ndoa, haitoki. Mama, pomada ingoje. Pete haitanuki: kidole kikivimba inabana mishipa, damu inayoingia inakosa njia ya kurudi, uvimbe unaongezeka na pete inabana zaidi. Kwa hiyo vua pete zote za mkono huo, na saa na bangili pia, hata kabla ya kujua chanzo.

Inua mkono juu ya kichwa dakika tano hadi kumi, uzamishe kidogo kwenye maji baridi, kisha paka sabuni au mafuta ya kupikia. Zungusha pete huku ukiisogeza mbele. Ukiivuta kwa nguvu, ngozi inajikunja na kuiziba njia.

Ikigoma, tafuta uzi imara wa fundi cherehani, kama mita moja. Kwa pini ya nywele, pitisha ncha moja chini ya pete, itokee nyuma ya pete na ibaki ikining'inia kuelekea kiganjani. Sehemu ndefu uizungushe kwenye kidole, kuanzia ukingoni mwa pete kuelekea kwenye kucha, mizunguko ikigusana, mpaka upite kifundo. Wengi wanakosea hapo: wanaacha nafasi kati ya mizunguko, nyama inajitokeza, na pete inakwama papo hapo. Sasa shika ile ncha ya kiganjani, ufungue uzi taratibu ukivuta kuelekea kwenye kucha. Pete itapanda juu ya uzi kidogo kidogo. Kazi hiyo isizidi dakika chache, maana uzi nao unazuia damu.

Usiguse uzi kama kidole kimevunjika, kina kidonda, kimekufa ganzi au kimegeuka buluu. Bonyeza kucha kisha uachie: rangi irudi ndani ya sekunde mbili hivi. Isiporudi, pete ikatwe leo hii, hospitalini au kwa fundi wa dhahabu. Kuna wanaosema kukata alyansi ni mkosi. Dhahabu inaungwa tena. Kidole kilichooza hakiungwi.

Pete ikishatoka, ndipo uulize: ni kidole kimoja au vyote?

Kidole kimoja kwa mtu anayeparua samaki, kwanza fikiria mwiba. Wekundu na maumivu pembeni mwa kucha, bila usaha, huweza kutulia kwa kuloweka kidole kwenye maji ya uvuguvugu dakika 15, mara tatu au nne kwa siku. Usaha ukishajikusanya, au ncha ya kidole ikiwa ngumu na inapwita usiku kucha, sindano ya nyumbani na wembe havifai. Muganga wa hospitali ndiye apasue. Kuna hali mbaya kuliko hiyo: kidole kimevimba chote kuanzia mzizi hadi ncha, kimejikunja chenyewe, kinauma ukigusa upande wa kiganja, na mtu akijaribu kukinyoosha mgonjwa analia. Hapo uchafu umeingia kwenye ala ya kano, yaani mfuko unaofunika ule mshipa mgumu unaokunja kidole. Ni hospitali siku hiyo hiyo. Ukichelewa, kano inaweza kufa na kidole kisikunjike tena.

Mikono yote miwili kuvimba baada ya kutembea mwendo mrefu juani kwa kawaida si ugonjwa. Inua mikono, kunja na kukunjua ngumi. Lakini kwa mjamzito aliyevuka wiki 20, vidole na uso vikivimba ghafla, asingoje tarehe ya CPN, yaani kliniki ya wajawazito. Apimwe tansio (shinikizo la damu) na mkojo leo. Tansio ya 140/90 au zaidi, kichwa kuuma sana, macho kuona vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia: hizo ni dalili za hatari ya kifafa cha mimba.

Na mtoto wa miezi sita hadi miaka mitatu hivi, vidole na miguu vimevimba, analia akiguswa? Jirani atasema ameanguka au amerogwa. Mpeleke akapimwe damu, huenda ni drepanositozi (selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi), na uvimbe huo mara nyingi ndio dalili yake ya kwanza. Mpe maji ya kutosha, mfunike apate joto. Yale maji baridi ya pete yasimguse, baridi inamzidishia maumivu. Akiwa na homa, usilale naye nyumbani.

Nyuki akiuma na midomo au ulimi ukaanza kuvimba, au pumzi ikabana, kidole si habari tena. Tafuta usafiri.

Kuhusu dawa, tunarudia kila mara na bado watu wanatuandikia: msinunue deksametazoni kwenye kifarmasi cha mtaani kwa sababu ya uvimbe. Inashusha uvimbe na kukudanganya kwamba umepona, huku kinga ya mwili imelegezwa na usaha unasambaa. Diklofenaki na ibuprofeni mjamzito asizimeze bila daktari, wala mwenye vidonda vya tumbo au figo mbovu. Mtu mzima mwenye ini zima anaweza kumeza parasetamoli gramu moja kila saa sita, isizidi gramu nne kwa siku, huku anajiandaa kwenda kuonwa.